Kabla ya kusifia sake, onja kwanza vyungu vya Kisugu

WAJAPANI hawanywi sake kiholela. Wameipanga kwa madaraja, na kigezo kikubwa ni kiasi cha punje ya mchele kinachobaki baada ya kukobolewa. Ikibaki asilimia 60 au pungufu, pombe hiyo yaweza kuitwa ginjo. Ikibaki asilimia 50 au pungufu, daiginjo. Inayoitwa junmai haiongezwi spiriti.

Sisi wakazi wa Kisugu, hapa Kampala, jirani na Kabalagala na Namuwongo, tuna vinywaji kadhaa vya asili. Lakini vyote tumevibandika jina moja, pombe ya kienyeji, kisha tukavidharau.

Mimi ni mwalimu niliyesomea Nairobi, ambako wazazi wangu walikimbilia wakati wa vita vya miaka ya 1980. Nilirejea nikiwa mtu mzima, Luganda yangu ikiwa ya kubahatisha na ulimi wangu haujui ladha za kwetu. Ladha hizo nimejifunza kama nilivyojifunza lugha, yaani kwa kuwauliza wenyeji.

Tuanze na tonto ya Waganda. Ndizi aina ya mbidde huivishwa, kisha hukamuliwa kwa nyasi, mara nyingi kwa kukanyagwa. Ndiyo maana huitwa pia mwenge bigere, pombe ya nyayo. Maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa yachachuke ndani ya mtumbwi wa mbao. Ukiionja mapema utapata utamu wa ndizi na harufu ya moshi. Siku zikipita, uchachu hushika usukani.

Malwa, ambayo Wateso huiita ajon, ni ya ulezi. Unga huchachushwa, hukaangwa, kisha hutiwa kimea. Wanywaji huzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, huku maji ya moto yakiongezwa. Mzee mmoja wa Teso alinionya: "Mwalimu, usivute kwa pupa. Maji ya kwanza ni mazito, ya pili ndiyo yanayosema ukweli." Nami nimeona kuwa chungu kilichopikwa vyema hakipoteza ladha ya ulezi hata maji yakiongezwa mara kadhaa.

Kwete ni ya mahindi na kimea cha ulezi. Aliyeonja busaa kule Kenya ataitambua mara moja. Omuramba wa Kigezi nao ni wa mtama ambao huchanganywa na majivu kabla ya kuoteshwa, ili kupunguza ukakasi wake.

Tofauti ya msingi na sake ni hii. Mchele hauna sukari ya kuchachuka, hivyo Wajapani hutumia kuvu iitwayo koji kuugeuza wanga kuwa sukari. Bibi zetu walifanya kazi hiyo hiyo kwa kuotesha nafaka. Tonto haihitaji hata hilo, kwa kuwa ndizi iliyoiva ina sukari yake. Huo ni ujuzi kamili, ila kwetu haukuandikwa kwenye chupa.

Na ujuzi huo uko hatarini. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001, uliishambulia sana kayinja, aina inayotegemewa kwa pombe. Aidha, vijana wengi walihamia kwenye waragi ya bei rahisi ya vifuko, vile ambavyo Tanzania viliitwa viroba na kupigwa marufuku mwaka 2017. Uganda ilivipiga marufuku mwaka 2019.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe makini. Mwaka 2010, makumi ya watu walikufa Kabale baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Sumu hiyo haitambuliki kwa ulimi wala kwa pua. Ulimi uliofunzwa utakuambia tonto imechacha au malwa imezidishwa maji, lakini mbele ya waragi isiyo na lebo hautakuokoa, hata uwe mnywaji wa miaka 30. Anayetaka kinywaji kikali na anunue kilichopimwa na kutiwa alama ya shirika la viwango.

Kwa akina mama wanaopika malwa na tonto, chungu ndicho ada ya shule ya watoto wao. Mama wa namna hiyo hastahili kuwekwa kapu moja na mchanganya sumu. Tukijifunza kumuuliza amepika nini, kwa nafaka gani na siku ngapi zimepita, naye atajivunia kupika vizuri zaidi. Wajapani walianza kwa maswali hayo hayo. Mwacha mila ni mtumwa, na huwezi kuthamini mila usiyoijua hata ladha yake.