Kabla hujawasha kamera Kericho

Najua filamu yako umeshaipanga kichwani. Droni inapaa juu ya majani chai, piano ya huzuni inaingia, kisha mama mwenye kikapu mgongoni anafuta machozi. Hebu tulia kwanza, msee. Piano hiyo tumeichoka.

Huko Kericho na Bomet, mchumaji wa shamba la kampuni hulipwa kwa kilo, na mara nyingi nyumba anayolala ni ya kampuni hiyo hiyo. Ukionyesha sura yake akimlalamikia msimamizi, anaweza kupoteza kazi na nyumba kwa mpigo. Wewe jioni hiyo uko kwa matatu, unarudi Nairobi kuhariri.

Februari 2023, BBC ilitoa filamu kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba ya huko. Zaidi ya wanawake 70 walikuwa wamezungumza na waandishi wake. Mwanahabari mmoja aliingia kama mtafuta kazi, kamera ameificha, na jina lake halisi halikutajwa. Baada ya hapo baadhi ya wasimamizi walisimamishwa kazi na Bunge likaagiza uchunguzi. Kuficha majina hakukuipunguzia filamu ile nguvu hata kidogo.

Lakini kuna njia nyingine, na binafsi naipenda zaidi. Tafuta Thank You for the Rain ya 2017. Julia Dahr kutoka Norway alimwachia kamera Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, naye akarekodi familia yake, ukame na mafuriko. Dhoruba inamharibia nyumba, ndiyo, ila unamwona pia akiwahimiza majirani wapande miti. Humuonei huruma tu, unamjua.

Chai ina hadithi kama hizo tele. Mwezi Mei 2023 mashine za kuvuna chai zilichomwa Kericho, kwa sababu watu waliona zinawanyang'anya riziki. Nani amempa mchumaji simu arekodi siku yake mwenyewe?

Ukienda, salamu ni "chamgei". Kaa, unywe chai, kamera ikiwa bado ndani ya begi. Ruhusa usiiombe msimamizi akiwa amesimama hapo. Nani atakataa mbele ya bosi? Na kabla ya kuipandisha mtandaoni, rudi umwonyeshe, akiwa na mtu anayemwamini. Akisema futa, futa, hata kama ndiyo shoti yako kali kuliko zote.