Mashini ya mtoto: ya michezo ao ile nyepesi?

Papa mmoja, mchimbaji wa dhahabu upande wa Manguredjipa, alishuka Butembo na pesa ya miezi saba ya shimo. Dola 800 alikuwa amezitenga, mbali na minerval na chakula, juu ya kitu kimoja tu: mashini ya mtoto wake wa kwanza, anayesoma mwaka wa pili katika IBTP, chuo cha majengo na kazi za barabara. Mtoto aliisha kuchagua. Mashini nyeusi, nene, yenye taa za rangi chini ya klavie na kibandiko cha NVIDIA pembeni. "Papa, hii njo mashini. Ile ingine ni ya kuandikia barua tu."

Papa aliiinua kwa mkono mmoja, akaiweka. Akainua na chaja yake, akaipima vilevile. Kisha akamuuliza mchuuzi swali moja ambalo lilipita maneno yote tuliyosikia dukani siku ile: "Hii kitu inakunywaka kura ngapi?"

Mchuuzi alicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tunajua familia nyingi zilizouliza swali hilo wakati mashini ilikuwa imekwisha kufika nyumbani, risiti imepotea na pesa imekula.

Tueleze kwanza tofauti. Mashini ya michezo imetengenezwa ili icheze michezo ya picha nzito. Ndani yake kuna prosesa yenye nguvu, na kando ya prosesa kuna karti grafiki inayojitegemea, ambayo kazi yake ni kuchora picha tu. Vitu hivyo viwili vinakula umeme na kutoa joto, kwa hiyo wanaongeza feni kubwa, chuma cha kubeba joto, na chaja ya wati 180, 230, mara zingine na zaidi. Kilo zake zinafika 2 na nusu, na chaja peke yake inaweza kukaribia kilo moja. Mashini nyepesi ya kila siku ina kilo 1 na kidogo, haina karti grafiki ya pekee, na chaja yake ni ya wati 45 ao 65. Nyingi za miaka hii zinachajiwa kwa kamba ya USB-C, ileile ya simu mpya.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Butembo ilikaa miaka mingi bila umeme wa SNEL, watu wakazoea grupu na plaki ya jua. Leo waya za Virunga Energies na za ENK zinapita katika avenyu fulani, lakini si zote, na mahali zinapopita mtu analipa mbele, anaangalia mita inavyoshuka. Kwenye mashimo ndiyo usiseme: grupu ya PDG inawashwa wakati inapompendeza yeye.

Chukua batri ya plaki, ile ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo iko katika nyumba nyingi. Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni batri ya risasi, ukiitumia kupita nusu unaiua mbio, kwa hiyo hesabu 600. Mashini ya michezo ikiwa katika mchezo, ao ikichora jengo la 3D, inaweza kukunywa wati 150. Gawanya: saa 4, na konvertisa nayo inakula sehemu yake, basi hata 4 hazifiki. Mashini nyepesi, mtoto akiandika TFC yake, inakunywa wati 10 mpaka 15. Gawanya tena: ni saa 40. Batri ni ileile, jua ni lilelile. Na konvertisa ndogo ya wati 150 inaweza kuikataa kabisa chaja ya wati 230: inalia mara moja, inajizima.

Mtu atasema mashini ya michezo nayo ina batri yake ndani. Ni kweli, lakini ukiicheza bila chaja, batri hiyo inakwisha kwa saa moja ao mbili, na mashini yenyewe inapunguza nguvu ya karti grafiki ili isife haraka. Yaani ile nguvu uliyolipia haipo mpaka uwe umechomeka prizi. Wala watengenezaji hawawezi kuongeza batri wanavyotaka: batri inayopita wati-saa 100 haipandi ndege ya abiria bila ruhusa ya kampuni ya ndege, kwa hiyo karibu wote wanasimama chini ya hapo.

Hapa Beni kuna jambo lingine, la safari. Mwanafunzi wa UCBC ao wa chuo kingine anatoka nyumbani kwa motari na mfuko mgongoni. Kila siku. Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilomita 54, na mtu aliyeenda huku na huku na kilo 3 na nusu mgongoni anajua kamba za mfuko zinavyokata mabega. Halafu kuna vumbi. Feni za mashini ya michezo zinavuta hewa kwa nguvu, na pamoja na hewa zinavuta udongo mwekundu wa barabara. Baada ya miezi sita utasikia inanguruma sawa grupu, chini inachoma magoti. Butembo iko juu zaidi, kuna baridi, kwa hiyo mashini inapumua kidogo. Beni, saa saba mchana, chini ya mabati, ni shida. Ukiwa nayo tayari, isafishwe ndani kwa brashi laini na mtu anayejua kazi, angalau mara mbili kwa mwaka.

Na zile taa za rangi. Tunasema kwa kucheka lakini ni kweli: katika mtaa wenye giza, mashini inayowaka nyekundu na buluu dirishani inatangaza kwa wapita njia wote kwamba hapa kuna kitu cha dola mia kadhaa. Taa hizo zinazimika kwa kubonyeza. Mwambie mtoto.

Je, mashini ya michezo ni kitu kibaya? Hapana. Mwanafunzi wa architecture anayetengeneza picha za nyumba zinazoonekana sawa za kweli, kijana anayekata video za ndoa na anayelipwa kwa kazi hiyo, mtu wa Blender: hao karti grafiki inawasaidia, kazi ya usiku mzima inakuwa ya saa moja. Lakini AutoCAD ya kuchora plani ya kawaida, mistari juu ya karatasi, inaenda vizuri kwenye mashini nyepesi yenye RAM ya giga 16. QGIS, ile programu ya bure ya kutengeneza karte, ambayo hata koperative ya wachimbaji inaweza kuitumia kuonyesha mipaka ya eneo lake, nayo inaenda. Word, Excel, kusoma PDF, kutafuta habari kwenye intaneti: hapo karti grafiki inalala tu, inakula umeme ikiwa usingizini.

Kwa hiyo usimuulize mtoto "unataka gani?" Muulize "mwalimu wenu anawafundisha na programu gani, na mwaka gani?" Aandike majina kwenye karatasi. Mtoto asiyeweza kutaja programu hata moja inayodai karti grafiki, huyo anataka mchezo wa mpira. Si dhambi, kijana ni kijana. Lakini mzazi ajue analipia nini.

Kuna na hadithi nyingine inayozunguka, na hii inawagusa wachimbaji kwa jina. Vijana wanawaambia wazazi kwamba mashini ya michezo "inachimba" pesa, bitcoin, usiku mkiwa mmelala. Tafadhali. Bitcoin inachimbwa kwa mashini za pekee zisizojua kazi ingine, na kwetu zipo: mbuga ya Virunga iliziweka ndani ya makontena kule Luviro, karibu na maji yake ya umeme, tangu 2020. Karti grafiki za michezo zilikuwa zinachimba pesa ingine iitwayo Ethereum, na Ethereum ilifunga mlango huo Septemba 2022. Mashini ya michezo nyumbani itakuchimbia bili ya umeme tu. Dhahabu iliyo ndani yake ni ile iliyopakwa kwa unyembamba kwenye meno ya RAM, na labda gramu yenyewe ilitoka shimo la jirani yako.

Turudi dukani. Mashini nyingi zinazouzwa kwetu zimepita Dubai, ao Mombasa na Kampala, zikaingia kwa Kasindi, na nyingi si mpya. Hilo lisikutishe. ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizotumiwa na makampuni miaka mitatu minne ni mashini ngumu, na vipande vyake vinapatikana. Ila angalia namba. Kibandiko cha "Core i7" peke yake hakisemi kitu. Soma namba inayofuata: i5-8250U, ile 8 ni kizazi cha nane, i7-6600U ni cha sita. Zikianza na 10, 11 ao 12 ni vizazi vya juu zaidi. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa kanuni ya Microsoft, inakubali Intel kuanzia kizazi cha nane. Ya kizazi cha sita ni rahisi, lakini unanunua mzee.

Usitoe pesa kabla ya kuiona ikiwaka bila chaja. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua karatasi itakayotokea. Inaonyesha batri ilitoka kiwandani na nguvu gani na leo inabeba kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, bei ishuke. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, utaona RAM na karti grafiki za kweli, si za kibandiko. Uliza pia kama RAM inaweza kuongezwa, kwa maana katika mashini nyembamba nyingi imechomelewa kabisa: ukinunua giga 8 utazeeka na giga 8. Hapo mashini ya michezo inashinda, kwa kawaida inafunguka na kuongezwa. Tazama na klavie: za Dubai ni za Kiingereza na Kiarabu, mtoto atatafuta "é" mpaka achoke. Na fishi ya Dubai ao ya Uganda ina meno matatu mapana, haiingii katika prizi zetu. Dai adapta ndani ya bei ileile.

Mmoja wetu hapa hakufanya hata moja ya mambo hayo. Mashini yake ya michezo iko mezani, imechomekwa prizi, haijatoka nyumbani tangu mwaka jana, na anapoenda kazini anaazima ya mke wake.

Yule papa wa Manguredjipa aliwaambia tutarudi kesho. Jioni mtoto aliwapigia simu wakubwa wake wa mwaka wa mwisho. Wawili wakamwambia kazi ya 3D wanaifanya kwa mashini ya rafiki mmoja mwenye umeme wa waya, wanachanga pesa ya mita. Asubuhi wakanunua EliteBook ya kizazi cha kumi, giga 16, kilo 1 na nusu. Pesa iliyobaki papa aliipeleka kwa muuza plaki, juu chumba cha mtoto pale Vulamba hakina waya.

Mtoto hakusema mingi njiani. Papa alirudi dukani peke yake, akasimama mbele ya mchuuzi mpaka jina lake na namba ya mashini vikaandikwa kwenye faktire, na adapta ya fishi ikatiwa ndani ya mfuko.