Rangi Inayojitafutia Mabonde: Utangulizi wa Woshi

Askari wa plastiki mwenye kimo cha milimita 28, akishikwa sentimita 30 kutoka machoni, huonekana kwa ukubwa uleule wa mtu mzima aliyesimama umbali wa mita 18 hivi. Mtu huyo wa kweli, akiwa juani, tunamsoma bila shida: kofia imemtia giza machoni, mikunjo ya suruali imekolea, mkanda umejitenga na koti. Askari wa plastiki hana hayo, hata akipakwa rangi sahihi kabisa. Taa ya mezani ni kubwa mno ukiilinganisha naye. Mwanga wake humzunguka na kumwingia kila pembe, na mkunjo wenye kina cha nusu milimita haubaki na giza la kutosha kuonekana. Kifaru cha skeli ya 1/35 kina shida hiyohiyo kwenye kila ribiti na kila ungio la bati.

Basi mchoraji hana budi kumtengenezea askari wake kivuli. Anaweza kukichora kwa brashi, mkunjo kwa mkunjo, kama walivyofanya wachoraji wa picha tangu zamani. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa wachoraji huko Italia karibu na mwaka 1400, aliwafundisha kuandaa vyombo vitatu vya rangi moja, yaani cha giza, cha kati na cha mwanga, kabla ya kuanza kuchora nguo. Njia hiyo bado ni hai, na wachoraji bora wa visanamu hawajaiacha. Lakini kuna njia nyingine, inayoiachia rangi yenyewe sehemu ya kazi. Rangi nzito hupunguzwa mpaka ikakaribia maji, ikapakwa juu ya rangi ya msingi iliyokwisha kukauka, nayo ikateremka kutoka vilimani na kwenda kutulia mabondeni. Hiyo ndiyo woshi.

Karibu, msomaji, kama umeshika kisanamu chako cha kwanza na kichupa ambacho hujui ukifungue lini. Takriban kila anayeanza huuliza woshi ya rangi gani inafaa. Ni swali halali na tutalifikia, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: rangi hiyo imebebwa na kimiminika gani, italala juu ya uso wa namna gani, na itakaukia wapi? Anayeyajua hayo atapata kivuli kizuri hata kwa kahawia ya kawaida aliyoichanganya mwenyewe. Asiyeyajua atanunua vichupa kumi na kuishia na madoa.

Tuanze na mahali pa kukaukia. Tone la kahawa likikauka mezani huacha pete, hafifu katikati na nyeusi ukingoni. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu yake katika jarida la Nature. Ukingo wa tone hunasa pale ulipogusa meza na hausogei. Kimiminika cha ukingoni huvukizwa haraka kuliko cha katikati, na ili kufidia kinachopotea, kile cha katikati hutiririka kwenda ukingoni kikiwa kimebeba chembe zake. Chembe zikifika huko hukwama, na mwisho wake ni pete.

Maelezo hayo yanatosha kufafanua karibu kila malalamiko ya anayeanza. Ukipaka woshi juu ya bamba tambarare, tuseme mlango wa gari au bega la deraya, utakuwa umetandaza tone kubwa la kahawa, na kitakachobaki ni mstari mchafu unaozunguka eneo safi. Kwenye mkunjo mwembamba mambo hugeuka. Pale kuta mbili zinapokutana, kimiminika huvutwa na zote mbili, hujikusanya konani, hukauka mwisho, na chembe nyingi hubaki humohumo. Ndiyo maana woshi hufanya maajabu kwenye manyoya, nywele, kamba, vazi la vipete vya chuma na ngozi iliyokunjamana, ilhali kwenye bati pana huleta aibu. Fizikia haikubadilika. Kilichobadilika ni umbo la mahali.

Kutokana na hilo kazi ilijigawa katika mikono miwili. Mchoraji wa visanamu, ambaye uso anaoupaka wote ni mabonde na vilima, hupaka woshi mahali pote kisha akasimamia. Pale inapodimbwika kwenye sehemu tambarare, huinyonya kwa brashi safi yenye unyevu kidogo kabla haijaanza kukauka. Ikishaanza kukauka, usiiguse. Utando uliokauka nusu huchanika, na pengo lake huonekana kuliko doa lenyewe. Mjenzi wa magari hafuniki gari zima. Hugusa kwa ncha ya brashi penye kitu tu, kama shina la ribiti, bawaba, kichwa cha bolti au mstari wa ungio, na kimiminika hukimbia chenyewe kufuata mfereji. Kutazama mstari mwembamba ukijichora sentimita tatu kutoka mguso mmoja ni mojawapo ya furaha kubwa za kazi hii, na sidhani kuna anayeizoea.

Hapo ndipo uchaguzi wa kimiminika unapoingia. Maji hujishika yenyewe kwa nguvu. Katika joto la kawaida la chumba, mvutano wa uso wake ni takriban milinewtoni 72 kwa mita, na wa spiriti nyeupe ni kama theluthi moja ya huo. Ndiyo sababu maji hujikunja kuwa tone juu ya rangi laini huku spiriti ikitambaa. Woshi za akriliki, ambazo hubebwa na maji, hutiwa dawa ya kuulegeza mvutano huo kiwandani. Anayejichanganyia nyumbani kwa rangi na maji matupu hukutana na mambo mawili: rangi inajikunja, na gundi yake imepungua kiasi kwamba ikikauka huwa kama vumbi la chaki, hufutika kwa kidole. Dawa yake ni kuongeza gundi angavu ya akriliki isiyo na rangi badala ya kuongeza maji peke yake.

Woshi za enameli na za rangi ya mafuta hubebwa na spiriti, nazo ndizo rafiki wa magari. Hukauka polepole, na baada ya robo saa au nusu saa bado unaweza kuchukua brashi iliyoloweshwa spiriti kidogo, ukaifuta rangi iliyozidi kuelekea chini, jinsi mvua inavyoteremsha uchafu ubavuni mwa lori. Ukitaka kutengeneza yako, kamua rangi ya tyubu ya wasanii juu ya kadibodi, uiache kwa muda ili kadibodi inyonye mafuta ya kitani, kisha uipunguze kwa spiriti mpaka iwe chai ya rangi. Mafuta yakipungua, rangi hukauka mapema na haing'ai. Ila usidanganyike na neno thina. Thina ya rangi za magari, ile ya gereji, itayeyusha rangi yako na plastiki iliyo chini yake pia.

Kuna kanuni moja hapa ambayo haina msamaha. Kimiminika cha tabaka la juu kisiweze kuyeyusha tabaka la chini. Akriliki iliyokauka vizuri haisumbuliwi na spiriti, kwa hiyo msingi wa akriliki na woshi ya enameli ni ndoa njema. Enameli juu ya enameli huhitaji vanishi katikati. Tena plastiki ya polistirini, ikiwa imebanwa au imepindwa kwa nguvu ili iingie mahali pake, ina mkazo ndani yake. Spiriti ikipenya kwenye ungio lisilopakwa rangi huufungua mkazo huo, na mhimili wa gurudumu au bawa la ndege hupasuka bila kuguswa. Funika plastiki yote kwa rangi na vanishi kwanza, na usiache dimbwi la spiriti likae. Fungua madirisha, na usiilambe brashi kuipa ncha, hata kama uliwaona waliokutangulia wakifanya hivyo.

Vanishi nayo ina usemi wake. Uso usiong'aa una mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Kila mkwaruzo hunywa woshi, na gari zima hubadilika kuwa na giza kidogo. Uso unaong'aa huiachia woshi iteleze mpaka ifike mferejini, na kinachozidi hufutika bila kuacha alama. Basi ukitaka mistari safi, tia vanishi ya kung'aa kwanza, na mng'ao utauondoa mwishoni kwa vanishi nyingine. Ukitaka uchakavu wa jumla, acha uso kama ulivyo.

Hewa ya mahali pako nayo ni kifaa cha kazi, na vitabu vinavyoandikwa Ulaya havikusemei. Maji huvukizwa kulingana na unyevu uliopo hewani, spiriti haiujali. Mombasa wakati wa masika woshi ya akriliki itakusubiri, na kosa unaweza kulirekebisha kwa utulivu. Nairobi mwezi wa Januari, hewa ikiwa kavu, itakukimbia. Na popote ulipo, zima feni. Upepo huongeza mvukizo, na ukingo wa tone huanza kukauka ukiwa hujamaliza upande wa pili wa koti.

Historia ya woshi ni fupi, na inastahili kujulikana kwa sababu majina yake yako bado kwenye vichupa na vitabu. Huko Marekani katika miaka ya 1970, Sheperd Paine wa Chicago aliandika vipeperushi vilivyowekwa ndani ya maboksi ya modeli za Monogram, na watoto wengi walijifunzia humo kwamba gari la vita halina haja ya kuwa safi. Mbelgiji François Verlinden alieneza woshi pamoja na mbinu ya brashi kavu, yaani kupitisha brashi iliyobaki na rangi kidogo tu juu ya vilima, mpaka mtindo wake ukawa shule nzima. Baadaye Wahispania, Mig Jiménez akiwa miongoni mwao, waliitenga kazi hiyo katika hatua nyingi, na woshi zilizo tayari zikaanza kuuzwa kwa ajili ya kila rangi ya jeshi. Upande wa visanamu, kampuni ya Games Workshop ya Nottingham ilitoa mwaka 2012 mfululizo wa woshi uliomo Nuln Oil, nyeusi, na Agrax Earthshade, kahawia ya giza. Mwaka 2019 ikaleta rangi za Contrast, ambazo ni msingi na kivuli kwa mpigo mmoja juu ya rangi ya kwanza nyeupe au yenye weupe. Wapo wanaoziona kama ulemavu wa ufundi. Mimi naziona kama mlango mzuri kwa anayetaka kumaliza jeshi lake lote mwaka huu.

Sasa rangi. Woshi ni utando unaopitisha mwanga, kwa hiyo unachokiona ni mchanganyiko wa yake na ya chini. Kwa mfano, mwezi Februari 1943 jeshi la Ujerumani liliacha kijivu cha giza na kufanya manjano ya giza kuwa msingi wa vifaru vyake. Wanaoanza huivamia manjano hiyo kwa woshi nyeusi, kisha wakashangaa kifaru kimeota ukijani wa ugonjwa. Nyeusi juu ya manjano huelekea kwenye kijani, ndivyo zilivyo. Kahawia ya giza huipa vumbi na joto. Juu ya nyeupe, nyeusi hukata kama kalamu, na kijivu chenye ubuluu hutosha. Dhahabu hupenda kahawia yenye wekundu, na chuma tupu ndicho kinachostahili nyeusi. Juu ya nyekundu, jaribu zambarau kabla ya kahawia. Kwa ujumla chagua ndugu mweusi zaidi wa rangi ya msingi, na uiweke nyeusi kamili kwa ajili ya mashimo ya kweli, kama mtutu, wavu wa injini au nafasi iliyo nyuma ya gurudumu.

Nimeliacha jambo ninalolijali kuliko yote mpaka hapa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles, ilipigana kuteremka bonde la Kabaw huko Burma, na mwezi Desemba ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hilo. Anayetaka kumchora mmoja wao katika skeli ya 1/35, mwenye kimo cha sentimita tano, atagundua kwamba mafunzo mengi ya ngozi yameandikwa kwa ajili ya nyuso nyeupe: msingi wa waridi, kisha woshi ya kahawia nyekundu, basi. Akianza na kahawia ya giza na kuipaka woshi nyeusi, uso hufutika. Pua, mashavu na paji huzama pamoja, naye hubaki kofia juu ya doa.

Ngozi nyeusi hujieleza zaidi kwa mwanga unaoakisiwa kuliko kwa kivuli. Kwa hiyo anza juu zaidi ya unapotaka kufika, kwa kahawia ya kati yenye joto, kisha ishushe kwa woshi mbili nyembamba badala ya moja nzito. Ya kwanza iwe kahawia yenye wekundu usoni pote. Ya pili, ikishakauka ile, iwe yenye ubuluu au zambarau, na iguse tu chini ya ukingo wa kofia, kando ya pua, chini ya taya na nyuma ya sikio. Kisha rudisha mwanga kwa brashi kwenye paji, mfupa wa shavu na daraja la pua, kwa rangi ya msingi iliyotiwa rangi ya chungwa badala ya nyeupe, kwa kuwa nyeupe huifanya ngozi ionekane imepauka kwa vumbi. Kwenye paji na mashavu acha mng'ao kidogo wa vanishi, maana Burma ilikuwa joto na mvua. Viganja ni vyepesi zaidi, na mistari yake huijaza woshi ya kahawia nyekundu. Mdomo wa chini hautaki zaidi ya tone moja la waridi lililotiwa kahawia.