Kujua Kiingereza na Kujua Kukifundisha

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, tuliingia katika darasa la nne la shule moja ya msingi karibu na Mwenge. Tulimkuta mwanachuo wetu ameketi nyuma, pamoja na wanafunzi. Mbele ya ubao alisimama kijana wa kigeni aliyekuja kujitolea kwa majuma matatu. Tulipomwuliza mwanachuo kwa nini ameliacha somo lake, alijibu, "Yeye ndiye mwenye lugha."

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Tunakusudia kueleza sifa zinazomfanya mtu awe mwalimu wa Kiingereza, na maana ya moyo wa kazi.

Kwanza, sifa. Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961, walimu wengi wa shule za sekondari walikuwa wageni. Mwaka huohuo ulianza mpango wa kuleta walimu Afrika Mashariki kutoka Marekani na Uingereza. Kwa upande wa Marekani uliendeshwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia University, New York. Wenye shahada ambao hawakusomea ualimu walipelekwa kwanza Makerere kupata mafunzo hayo, ndipo wakaingia darasani. Ni dhahiri kwamba waandaaji hawakuona kuwa kuzaliwa na Kiingereza kunatosha. Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978 nayo ilidai kwamba anayefundisha awe amesajiliwa au amepewa leseni.

Siku hizi wageni wengine huja na cheti cha muda mfupi. Kimoja kinachojulikana sana, CELTA, huwa na saa 120 za mafunzo, na kati ya hizo ni saa 6 tu za kufundisha huku mwalimu akipimwa. Tena kilibuniwa kwa ajili ya kufundisha watu wazima. Si cheti cha kudharauliwa, ila ni mwanzo tu. Wachonga vinyago wa Mwenge wanajua kwamba mwenye shamba la mpingo si lazima awe mchongaji.

Tutazame lililotokea katika somo lile. Mtoto mmoja alisema, "My mother, he is cooking." Mgeni alimsahihisha mara tatu, na mara tatu mtoto akarudia kosa. Mgeni hakujua kwamba katika Kiswahili neno "yeye" ni la mama na baba pia. Mwanachuo aliyeketi nyuma alijua, lakini alinyamaza.

Makosa ya namna hii yana chanzo, na anayekijua chanzo hutafuta dawa. Kwa kosa hili, bandika picha ya mama na picha ya baba. Wanafunzi waonyeshe kwa kidole kila wanaposema "she" au "he". Vivyo hivyo, kiambishi "-ni" hubeba kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza: mezani ni "on the table", mkobani ni "in the bag", mlangoni ni "at the door". Weka kitabu mezani, kisha mkobani; msimamishe mtoto mlangoni; darasa litaje kila hali. Zana zote hizo zimo darasani.

Pili, moyo wa kazi. Moyo huu hauna taifa. Barbro Johansson alifika Tanganyika kutoka Uswidi mwaka 1946. Alifundisha wasichana huko Bukoba, akajifunza Kiswahili, akachukua uraia wa nchi hii, na katika miaka ya 1960 akawa mkuu wa Shule ya Wasichana Tabora. Watu walimwita Mama Barbro. Kwa upande mwingine, mwananchi mwenye cheti kamili anayeliacha darasa lake, ameuacha na moyo wa kazi.

Nasi wakufunzi hatuna budi kukiri kosa letu. Mara nyingi tumesifu matamshi ya wanachuo kuliko maandalio yao ya somo, na hivyo tumewafundisha kujidharau.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wakasema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni akija darasani kwako, mpe jembe. Andaeni somo pamoja siku iliyotangulia. Yeye asome mazungumzo kwa sauti, wanafunzi wasikie matamshi yake, wamwulize maswali. Wewe uongoze somo, ueleze, usahihishe madaftari.

Tulirudi shuleni pale juma lililofuata. Mwanachuo alikuwa mbele ya ubao na picha zake mbili. Mgeni alikuwa akisoma mazungumzo. Mtoto yule alisema "she" mara mbili, ya tatu akateleza. Mwanachuo aliliandika kosa hilo katika daftari lake kwa ajili ya somo la kesho yake. Mgeni alibakiwa na siku mbili.