Nondo Mwenye Fuvu Si Jini

Akikuingilia nyumbani usiku mdudu mkubwa mwenye alama ya fuvu la kichwa mgongoni, usikimbilie kusema ametumwa na jirani. Mimi humtambua kwa mambo matatu. Kwanza, tumbo lake ni la manjano lenye mistari myeusi. Pili, vipapasio vyake havina kifundo nchani kama vya kipepeo. Basi huyo ni nondo. Tatu, ukimgusa hulia kama panya, kwa hewa anayoipitisha kinywani. Haumi wala hadungi. Huingia mizingani kuiba asali, na kiwavi wake hula majani ya viazi na mabiringani. Kilichomleta kwako ni taa. Izime, fungua dirisha, ataondoka. Lakini jirani ukishamsingizia uchawi, moyo wake haurudi upesi.