Huzuni Baada ya Kiharusi: Miwani ya Uhalisia Pepe Inasaidiaje?

Takriban mtu mmoja kati ya watatu walionusurika kiharusi hupatwa na sonona. Hukosa usingizi, hukataa chakula na hupoteza hamu ya mazoezi. Jamaa wengi hudhani ni uvivu au ukaidi. Sivyo. Ni ugonjwa, na unatibika. Usipotibiwa, mkono au mguu uliopooza huchelewa kupata nguvu, kwa kuwa ubongo hujifunza upya kwa kurudia mazoezi mara nyingi.

Teknolojia ya uhalisia pepe hulenga kurudisha hamu hiyo. Mgonjwa huvaa miwani yenye skrini na kujiona yuko, kwa mfano, shambani. Anaponyosha mkono kuchuma tunda, anafanya zoezi la kawaida kwa njia ya mchezo. Akifaulu hupata alama, akatamani kurudia.

Hata hivyo, miwani haichukui nafasi ya mtaalamu. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2017, iliyojumuisha tafiti 72, ilionyesha kuwa kwa utendaji wa mkono, teknolojia hii haikuishinda tiba ya kawaida. Ilifaidi ilipoongezwa juu ya tiba hiyo, muda wa mazoezi ukawa mrefu zaidi.

Kwa hivyo, asiye na miwani hajakosa tiba. Kukunja nguo au kupangusa meza kwa mkono dhaifu, kwa maelekezo ya mtaalamu wa tiba ya viungo, pia ni mazoezi.

Huzuni ikizidi wiki mbili, mwarifu mhudumu wa afya ya jamii au mpeleke mgonjwa kituo cha afya. Akitaja kujiua, mpeleke hospitalini mara moja.