Boila ipi inafaa treni ndogo ya mvuke?

RELI ya TAZARA, inayokatiza Bonde la Kilombero kupitia Ifakara, Chita na Mlimba, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa ajili ya vichwa vya dizeli. Kwa kijana aliyekulia Chita, kichwa cha treni cha mvuke ni jambo la kusimuliwa tu, ingawa katika bonde hilo hilo, huko Kidatu, kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke wa kuendeshea mitambo.

Atakaye kukiona kichwa chenyewe anaweza kwenda katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Huko kimehifadhiwa ‘Mount Gelai’, kilichopewa jina la mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Kilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950, na uzito wake ni takriban tani 250.

Njia iliyo karibu zaidi ni kuunda treni ndogo inayotembea kwa mvuke wa kweli, ambayo shule au karakana ya ufundi inaweza kuitumia kufundishia. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo fundi hana budi kulijibu kabla ya kukata bati: atumie boila ya aina gani?

Wengi hudhani inatosha kupunguza vipimo vya boila kubwa. Sivyo. Urefu ukigawanywa kwa 10, eneo la nje hupungua mara 100, lakini ujazo hupungua mara 1,000. Kwa hiyo boila ndogo ina maji machache mno yakilinganishwa na ukubwa wa ngozi yake, nayo hupoteza joto upesi. Aidha, mirija ya moto ikipunguzwa kwa kiwango hicho huziba kwa masizi.

Aina tatu

Boila iliyo rahisi kuliko zote ni silinda moja ya maji yenye moto wa spiriti chini yake, mithili ya sufuria jikoni. Ni nafuu kuitengeneza, lakini joto jingi hupotea pembeni, na upepo kidogo tu huupeperusha moto. Hufaa kichwa chepesi kinachotembea ndani ya nyumba.

Ya pili huwa na bomba moja pana linalopita katikati ya maji, na moto wa gesi huwaka ndani ya bomba hilo. Kwa kuwa maji yameuzunguka moto, joto halipotei ovyo. Moto huongezwa au kupunguzwa kwa kugeuza vali, wala hakuna majivu ya kuzoa. Kwa reli ya bustani yenye upana wa milimita 45, hii ndiyo inayomfaa fundi anayeanza.

Ya tatu hufuata mpango wa vichwa vikubwa: chumba cha moto kilichozungukwa na maji, na mirija mingi inayopeleka moshi wa moto hadi mbele. Mwaka 1829, kichwa cha ‘Rocket’ cha George na Robert Stephenson kilikuwa na mirija 25 ya shaba, nacho kikashinda mashindano ya Rainhill nchini Uingereza. Mvuke uliotumika hutokea kwenye dohani na kuvuta hewa motoni, hivyo kadiri treni inavyofanya kazi ndivyo moto unavyokolea. Treni itakayobeba watu huhitaji boila ya aina hii. Hata hivyo, ujenzi wake ni mgumu, na huhitaji makaa ya mawe mazuri. Mkaa wa miti huisha haraka na hurusha cheche, jambo la hatari penye nyasi kavu.

Usalama kwanza

Kwa boila ndogo, shaba nyekundu iliyoungwa kwa lehemu ya fedha ndiyo inayopendekezwa. Haishiki kutu kama chuma, na hupitisha joto vizuri. Risasi ya kuungia vyombo vya kawaida haifai, kwa kuwa huyeyuka upesi kwenye joto.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hewani hujaza takriban lita 1,600. Ndiyo sababu boila inayopasuka ni sawa na bomu. Mei 2024, watu 11 walipoteza maisha katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, baada ya bomba la mvuke kupasuka.

Hivyo boila mpya, hata ikiwa ndogo kama chupa ya chai, hujazwa kwanza maji baridi hadi pomoni, kisha husukumwa kwa pampu hadi shinikizo lifikie mara mbili ya lile la kazi. Maji baridi hayapanuki kama mvuke, kwa hiyo kiungo kibovu huvuja tu badala ya kulipuka. Kisha hufungwa vali ya usalama, geji ya shinikizo na kioo cha kuonyesha kimo cha maji.

Fundi asiye na uwezo wa kufanya jaribio hilo, wala mkaguzi wa kumsimamia, hajawa tayari kuchagua boila ya aina yoyote kati ya hizo tatu. Ni heri treni yake iendeshwe kwa hewa ya pampu hadi hapo atakapompata.